Maskani Yenye Magurudumu

Mtu anunuapo leo gari la mizigo lililokwisha kuchoka kwa kazi ya kugawa vifurushi mjini, akalitoboa dirisha ubavuni, akazitandika kuta zake sufu na mbao, akajenga kitanda juu ya magurudumu ya nyuma na jiko karibu na mlango, kisha akahamia humo na kuacha kulipa kodi ya nyumba, watu humtazama kama mzushi wa jambo jipya lililoletwa na picha za simu na ughali wa miji ya Ulaya na Marekani. Ughali upo, na picha zipo. Lakini jambo lenyewe lina tarikhi iliyotangulia motokaa, na sehemu kubwa ya tarikhi hiyo imeandikwa Uingereza, dola ambayo kwa muda wa karne tano haikukoma kutunga sheria juu ya watu wasio na kituo. Anayeifuata kwa makini ataona kuwa ufundi wa kujenga haukuwa ndio mushkeli mkubwa hata siku moja. Mushkeli ulikuwa ni nani alalaye ndani. Sanduku lile lile, lenye kitanda kile kile, liliitwa starehe lilipokuwa la mtu mwenye nyumba nyingine ya kurudia, na likaitwa uzururaji lilipokuwa ndiyo nyumba pekee aliyojaaliwa mwenyewe.

Waroma, ambao asili yao ni Bara Hindi ingawa Waingereza wa zamani waliwadhani kuwa ni watu wa Misri, walifika katika visiwa vile mwanzoni mwa karne ya 16. Sheria ya mwaka 1530 iliwapiga marufuku kuingia na kuwaamuru waliomo watoke. Ile ya 1554 ikafanya kukaa kwao kuwa kosa la kustahili kifo, ila ikamsamehe yule atakayeacha maisha ya kuhamahama na kuingia katika utumishi wa bwana mwenye makazi. Ajabu ni kwamba katika zama hizo zote za ukali hawakuwa na gari la kulala. Walikwenda kwa miguu na kwa punda, wakalala katika mahema ya fito zilizopindwa na kufunikwa mablanketi. Gari la maskani lilikuja baadaye sana, yapata katikati ya karne ya 19, barabara zilipokwisha kutengenezwa kiasi cha farasi mmoja kuweza kuvuta nyumba, na kabla yao lilikuwa limekwisha kutumiwa na watu wa sarakasi na maonyesho, Ufaransa na kwingineko.

Mara lilipoingia katika maisha ya Waroma, gari hilo lilipata ufundi ambao wajenzi wengi wa leo wanaufuata pasipo kujua waliurithi kwa nani. Aghalabu Waroma hawakulijenga kwa mikono yao. Waliliagiza kwa mafundi waliokaa mahali pamoja, na mashuhuri miongoni mwao walikuwa jamaa wa Dunton katika mji wa Reading, ambao jina la mji wao likawa jina la namna moja ya magari hayo, yenye kuta zinazoegemea nje kadiri zinavyopanda na magurudumu makubwa yaliyosimama nje ya kuta. Mlango ulikuwa mbele, kisogoni mwa farasi. Kitanda kilikatiza sehemu ya nyuma kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, na chini yake palikuwa na nafasi yenye milango midogo walimolala watoto. Jiko la chuma liliwekwa upande wa kushoto wa aingiaye, ambao ndio wa kulia wa gari liendapo, wala si kwa nasibu: kwa kuwa katika Uingereza magari hupita kushoto mwa barabara, bomba la moshi likiwa upande huo huelekea katikati ya njia, mbali na matawi ya miti ya kandokando ambayo yangaliling'oa. Kadhalika kingo za mihimili zilinyofolewa kwa kisu kila palipokuwa hapana mzigo wa kubeba, uzito wa mti ukapungua pasipo nguvu yake kupungua, na pale palipokatwa pakapakwa rangi na dhahabu, hata jambo lililofanywa kwa kumhurumia farasi likageuka kuwa pambo. Mwenye gari alipofariki, desturi ya wengi ilikuwa kulichoma moto pamoja na vyombo vyake. Ndiyo maana magari mengi yaliyosifiwa sana katika siku zake hayaonekani katika majumba ya makumbusho.

Kwa watu wa mjini gari hili lilikuwa kitu cha kutazamwa kwa mbali, nusu kwa husuda na nusu kwa hofu ya kuku wao kuibwa, mpaka mwaka 1885, alipotokea bwana mmoja wa heshima akataka lake. Dakta William Gordon Stables alikuwa Mskoti, tabibu mstaafu wa Jeshi la Majini la Uingereza na mtungaji wa visa vya vijana, vitabu vyake vikiwa vingi kiasi cha kuchosha hata kuvihesabu. Watu wa pwani yetu wana sababu yao ya kulijua jina lake, kwani ujanani alihudumu katika manowari iitwayo Penguin iliyokuwa ikisaka majahazi ya watumwa katika maji ya Msumbiji. Labda bahari haikumtoka moyoni. Alipowapelekea agizo lake mafundi wa Bristol Wagon & Carriage Works, walimjengea kwa mahogani chombo cha uzito wa karibu tani mbili, kikivutwa na farasi wawili, chenye sebule yenye kochi la kulalia na kabati la vitabu, na chumba cha nyuma cha jiko; akakipa jina la Wanderer na kukihesabu kuwa ni merikebu ya nchi kavu.

Safari yake ya kwanza kubwa ilianza Twyford, kusini mwa Uingereza, ikaishia Inverness katika milima ya Uskoti, na masimulizi yake yalitoka kitabuni mwaka 1886. Alifuatana na mwendeshaji wa farasi, na mtumishi wa chumbani aliyekuwa akitangulia mbele kwa baiskeli ya magurudumu matatu ili awatahadharishe wajao katika njia nyembamba, na mbwa mkubwa aitwaye Hurricane Bob, na kasuku. Usiku mwendeshaji alikwenda pamoja na farasi wake kulala katika nyumba ya wageni, naye bwana akabaki kulala shambani mwa mtu kwa idhini ya mwenyewe. Idhini hiyo haikumpa taabu kubwa, kwa kuwa mkulima afunguaye mlango akamwona daktari mwenye mtumishi na mbwa wa fahari, hana haja ya kuhesabu kuku wake. Stables alijiita Mroma wa kiungwana, akaamini kwa dhati kuwa hewa ya njiani ni dawa ya siha, na wengi wenye nafasi wakamwiga. Klabu ya wenye magari ya namna yake ilipoundwa mwaka 1907, alipewa cheo cha makamu wa rais.

Sasa na tuitazame miaka ile ile kwa upande wa pili, maana hapa ndipo penye kiini cha habari. Katika siku ambazo Wanderer alikuwa akipigiwa kofia vijijini, alikuwako mtu mwingine, George Smith wa Coalville, akizunguka katika makambi ya Waroma na watu wa maonyesho akiandika habari za dhiki zao. Smith alikuwa mtu wa kweli, na haifai kumdhihaki. Utotoni alifanya kazi katika viwanda vya matofali, na baadaye jitihada yake ndiyo iliyosaidia kutungwa sheria ya kuwaokoa watoto na kazi hiyo. Kisha akageukia mashua za mifereji walimozaliwa na kukulia watoto wasiojua kusoma, na Bunge likampa sheria mbili, ya 1877 na ya 1884, zilizotaka kila mashua iandikishwe na ikaguliwe. Baada ya mashua akaona kwamba yamebaki magari. Akaleta mswada uliotaka kila gari la kulala liandikishwe, liwe na nafasi maalumu kwa kila roho iliyomo, liruhusu mkaguzi kuingia, na watoto wake wapelekwe shule. Kwa maneno ya karatasini ulikuwa mswada wa rehema. Kwa walalao humo ulikuwa ni ruhusa ya askari kugonga mlango wao saa yoyote na kuwafukuza kwa kupima urefu wa kuta.

Watu wa maonyesho, waliokuwa na fedha kidogo na ulimi mwepesi, waliungana mwaka 1889 katika chama cha kuwatetea wakaao magarini, nacho ndicho asili ya chama chao kikubwa kilichopo hata leo. Mswada ulirudishwa Bungeni mara baada ya mara, ukaanguka kila mara. Naona kuwa kushindwa kwake kuna funzo moja ambalo Smith mwenyewe hakulipenda: walioshinda ni wale waliokuwa na chama na wakili, ilhali Waroma, ambao kwa ajili yao hasa ule mswada uliandikwa, hawakuwa na kimoja wala kingine, na ulinzi walioupata waliupata kwa kuwa walisimama karibu na wenye sarakasi. Wala hakuna aliyeonekana kuuliza kama mkaguzi angepima nafasi ya mtumishi wa Dakta Stables katika chumba cha jiko.

Motokaa ilipokuja ilibadili mambo machache kuliko inavyodhaniwa. Kwa muda mrefu ilivuta tu nyumba nyuma yake kama farasi alivyovuta. Mageuzi yalikuja baada ya Vita Kuu ya Pili, Ben Pon, Mholanzi aliyekuwa akiuza magari ya Volkswagen nchini mwake, alipochora katika daftari lake mwezi wa Aprili 1947 picha ya sanduku lenye magurudumu, dereva akiwa mbele kabisa na injini nyuma kabisa. Gari hilo, ambalo Afrika ya Mashariki ilikuja kulizoea kwa jina la kombi, lilianza kutengenezwa mwaka 1950, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia katika Ujerumani ikauza kasha la samani la kupachikwa ndani yake, lenye kiti kinachogeuka kitanda na mahali pa jiko. Kasha hilo liliweza kutolewa. Tajiri wa duka dogo alibeba bidhaa zake Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili akabeba jamaa yake kwenda ziwani. Katika Uingereza kampuni ya Martin Walter ya mji wa Folkestone ikafanya biashara kama hiyo kwa gari lake liitwalo Dormobile. Hapana polisi aliyemgongea mtu kioo usiku kwa kuwa amelala humo, maana ilijulikana kuwa keshokutwa atarudi kwake.

Wamarekani walilifanya jambo hili kwa ukubwa wao wa kawaida. Wally Byam, mtengenezaji wa trela za bati linalong'aa zinazoitwa Airstream, aliongoza mwaka 1959 na 1960 msafara wa trela zipatazo arobaini kutoka Cape Town hadi Kairo, ukapita Afrika ya Mashariki na Ethiopia, watu wengi wazima wa makamo wakiburuta vitanda vyao katika tope la ikweta kwa furaha. Yafaa ikumbukwe kuwa msafara huo ulipokuwa barani, Kenya ilikuwa ingali chini ya hali ya hatari, iliyokuja kuondolewa Januari 1960, na Mkikuyu hakuweza kusafiri apendavyo katika nchi yake mwenyewe pasipo kitabu cha ruhusa mkononi.

Turudi Uingereza. Mwaka 1968 Bunge liliwaagiza wakuu wa wilaya watenge viwanja vya Waroma kuegesha magari yao. Wengine walitii, wengi walijivuta. Wakati huo huo likazuka tabaka jipya la wakaa magarini, vijana wa Kiingereza waliozaliwa katika nyumba za matofali, ambao kwa kukosa kazi au kwa kuchoka nayo walinunua mabasi ya shule yaliyokwisha muda wake, magari ya wagonjwa na malori ya posta, wakatia ndani majiko ya kuni na magodoro, wakawa wakizunguka kutoka tamasha hadi tamasha. Kubwa kuliko yote lilikuwa tamasha la bure lililofanywa tangu 1974 kila kiangazi kwenye mawe ya kale ya Stonehenge. Hawa walikuwa wageni katika desturi hii, na Waroma wengine hawakuwafurahia, wakijua kwamba hasira itakayowaangukia wageni itawafikia na wenyeji.

Hasira ilianguka tarehe 1 Juni 1985. Mahakama ilikuwa imepiga marufuku tamasha la mwaka huo, na msafara wa magari yapatayo 140 uliokuwa ukielekea huko ulizuiwa na polisi yapata 1,300 katika wilaya ya Wiltshire, ukasukumwa mashambani, na hatimaye katika shamba moja la maharage. Jioni polisi wakaingia. Walivunja vioo kwa virungu wakati watu wangali ndani, na wanawake wenye watoto wachanga miongoni mwao, wakawaburuta nje, na waliokamatwa walipita 500. Magari yaliyovunjwa siku hiyo yalikuwa nyumba, zenye sufuria na nguo za watoto, na mtu aliyetoka korokoroni hakuwa na mahali pa kurudi. Mwaka 1991 watu 21 walioshitaki walitunukiwa fidia ya pauni 24,000 kwa pamoja, na gharama za kesi zikala sehemu kubwa. Sheria ya mwaka 1994 ikaondoa ule wajibu wa viwanja uliowekwa 1968, ikawapa polisi uwezo wa kuondosha mkusanyiko wa magari sita au zaidi. Na ile ya 2022 ikafanya kukaa ndani ya gari katika ardhi ya mtu, ikiwa kukaa huko kumeleta au kwaweza kuleta uharibifu au bughudha kubwa na mkaaji amekataa kuondoka, kuwa jinai ambayo adhabu yake yaweza kufuatana na kunyang'anywa gari.

Huko Marekani dhiki ya fedha ya mwaka 2008 iliwatoa wazee wengi katika nyumba zao, wakaingia magarini wakifuata kazi za msimu na jua la baridi. Maelfu hukusanyika kila mwaka katika jangwa la Quartzsite, jimbo la Arizona, ambako ardhi ya serikali kuu huruhusu mtu kukaa bure siku 14 kabla ya kusogea. Kitabu cha Jessica Bruder cha mwaka 2017, na filamu iliyotokana nacho, iliyoshinda tuzo kuu ya Oscar, viliwafanya watu hao wajulikane duniani. Los Angeles ilikuwa na amri tangu 1983 iliyokataza kulitumia gari kama makao katika mitaa yake, na majaji wa rufani waliibatilisha mwaka 2014 kwa sababu maneno yake hayakueleza mtu afanye nini ndipo awe amevunja sheria. Mwenye blanketi na chakula garini aliweza kukamatwa; na mwenye mji anayerudi kutoka mandarini akiwa na vitu vivyo hivyo aliachwa aende zake.

Na fundi wa leo je? Kazi yake ina mambo ambayo mafundi wa mjini Reading hawakuyapata. Mbao za kale zilipumua. Bati la gari halipumui, na pumzi ya watu wawili waliolala usiku wa baridi hugeuka matone nyuma ya kuta, yakateremka taratibu hadi sakafuni na kuanza kula chuma mahali pasipoonekana. Hivyo kuta hujazwa sufu ya kondoo au povu gumu, na darini hupasuliwa tundu la feni, ambalo mjenzi mgeni huliona kuwa anasa mpaka godoro lake litakapoota ukungu. Paneli za sola hulala juu ya paa na kulisha betri za lithiamu, nazo hazipaswi kuchajiwa zikiwa na baridi ya chini ya nyuzi 0, kwa hiyo hupewa mahali pa joto ndani, karibu na mwenye nyumba. Jiko la gesi huhitaji tundu chini kabisa, gesi ikivuja ipate pa kutokea, na kengele ya kugundua hewa ya sumu isiyo na harufu. Kisha uko uzito: katika Uingereza aliyefaulu mtihani wa udereva tangu 1997, leseni yake ya kawaida huishia gari la kilo 3,500, na kila lita ya maji ni kilo moja, na mbao nzuri ni nzito, hata mtu hujikuta akipima vikombe. Hapa hapana farasi wa kuhurumiwa, ila mizani ya barabarani.

Amalizapo yote hayo huipelekea mamlaka ya magari ya Uingereza karatasi zake ili cheti cha gari kibadilishwe, kiache kusema kuwa ni la mizigo na kiseme kuwa ni la kuishi. Zamani alitakiwa aonyeshe kitanda chenye urefu wa kumtosha mtu, meza, jiko, chombo cha maji, kabati na dirisha. Tangu mwaka 2019 mamlaka imekaza jicho lake kwenye sura ya nje: madirisha mawili au zaidi katika ubavu mmoja, mlango wa kuingilia chumbani, paa lililoinuliwa, turubai la kivuli, na michoro ya pande zote mbili ifananayo na ya magari ya utalii. Sababu itolewayo ni kwamba askari alitazamapo gari barabarani alione linavyofanana na maandishi ya cheti. Wenye kulala humo mwishoni mwa juma hawana neno na sharti hili, michoro huwapendeza. Lakini akaaye humo daima, anayelala leo karibu na uwanja wa michezo na kesho nyuma ya maghala, haja yake ya kwanza ni kutotambulikana, na gari alitakalo ni lile lifananalo na la fundi bomba aliyeliacha mtaani mpaka asubuhi. Wako wanaobandika michoro kwa ajili ya cheti. Wengine huuacha ubavu mweupe mtupu, wakakubali nyumba yao iandikwe kuwa ni gari la mizigo, ili wapate kulala.